Fremu Tupu Mjini Tanga: Ingieni Wanne, Msiingie Mmoja



Swali ninalolipata sana inbox ni hili: "Nauza mtandaoni, wateja ninao, je nichukue fremu mjini au nibaki nyumbani?" Jibu langu fupi: chukua, ila usichukue peke yako na usikubali kulipa mwaka mzima siku ya kwanza. Jibu refu ndo hili. Soma mpaka mwisho, kuna hesabu, kuna maneno ya kumwambia mwenye nyumba, na kuna vitu vya kuweka kwenye mkataba.

Tuanze na tunachokiona wote. Pita katikati ya mji wa Tanga, upande wa bandari, saa kumi jioni. Utaona nyumba za zamani zenye kuta nene, baraza pana lenye kivuli, milango mikubwa ya mbao, na kufuli lililoota kutu. Jengo zuri, mahali pazuri, halina mtu. Sasa vuka reli uingie Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, sogea mpaka Mgandini. Huko watu wamebanana, meza inagusa meza, na ukiulizia fremu unaambiwa "ilichukuliwa jana".

Halafu kuna sisi wa tatu, ambao hatuonekani barabarani kabisa. Dada anauza madera na baibui kwenye statasi yake akiwa Makorora. Kijana anauza viatu vya mtumba grade ya juu akiwa Chumbageni, mzigo uko chini ya kitanda. Mama anatengeneza achari na viungo vya pilau, anatuma Muheza kwa basi. Biashara ipo, ila haina mlango. Na mjini milango ipo, ila haina biashara. Hivi vitu viwili vinatafutana, basi tu hakuna anayevikutanisha.

KWANZA UJUE KWA NINI PAKO TUPU

Hii si hadithi ya kupoteza muda. Ukijua kwa nini fremu iko tupu utajua nani wa kuongea naye na bei gani useme.

Mji wetu ulijengwa na reli, bandari na mkonge. Reli ilianza kujengwa kutokea hapa Tanga mwaka 1893, na mwaka huohuo ndo mkonge ulipoletwa nchini. Miaka ya mwanzo ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, inatoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Pesa ile ndo iliyojaza maduka ya katikati ya mji: maduka ya vitambaa, vipuri, vyombo, maofisi ya makampuni. Halafu kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba yakayumba, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inatoa kama tani 20,000 tu. Mteja wa duka kubwa la mjini alikuwa anakula mshahara wa mkonge, wa kiwanda au wa reli. Mshahara ulipoondoka, duka likafuata.

Jambo la pili ni umiliki. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo mengi ya katikati ya miji, yetu ikiwemo, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, NHC. Ndo maana ukiona nyumba ya zamani mjini usikimbilie kusema "ya Mhindi fulani" au "ya mzee fulani". Inaweza kuwa ya NHC, inaweza kuwa ya familia yenye warithi kumi na wawili, wengine wako Dar, wengine Muscat, na hawajakubaliana nani asaini.

Jambo la tatu ni mwendo wa watu. Mabasi ya mikoani yalipohamia Kange, abiria anayeshuka na begi hapiti tena mbele ya maduka ya mjini kama zamani. Anapanda bajaji anaenda zake.

Na la nne, hili nawaambia wenye nyumba kwa heshima zote: mwenye jengo wengi wanasubiri mpangaji mmoja mkubwa. Benki. Kampuni ya simu. Supermaketi. Anasubiri miaka. Lakini mkubwa naye anaondoka, tena akiondoka anaacha shimo. Shoprite waliondoka Tanzania mwaka 2014 wakawaachia Nakumatt maduka yao. Uchumi wakafunga mwaka 2015. Nakumatt wenyewe wakaanguka baada ya hapo, Kenya na huku kwetu. Kila mmoja aliacha ukumbi mkubwa wenye taa zilizozimwa. Wapangaji wadogo ishirini hawaondoki siku moja.

WENZETU WALIOJARIBU

Msiseme hili ni wazo la kwangu. Limejaribiwa, pengine limefaulu, pengine limekwama. Tuchukue somo la kila mahali.

Nairobi. Maduka makubwa ya zamani ya katikati ya mji, mitaa kama Moi Avenue na Luthuli, yalikatwakatwa yakawa vibanda vidogo vidogo. Wenyewe wanaita eksibisheni. Unaingia mlango mmoja, ndani wamo wauzaji kumi, ishirini, huyu simu, huyu viatu, huyu suti, huyu anashona. Mwenye jengo anapata pesa nyingi kuliko alivyokuwa anapata kwa mpangaji mmoja, na mdogo anapata mahali pa katikati ya mji kwa kipimo cha mfuko wake. Kariakoo nayo iko hivyo, fremu moja unakuta watu watatu, mmoja ana ukuta wa kushoto, mmoja wa kulia, mmoja ana kaunta. Ila ubaya wake nao upo. Mahali pakishachangamka, mwenye nyumba anapandisha, na anayetoka anadai kilemba kwa anayeingia. Wewe uliyepachangamsha ndo unakuwa wa kwanza kushindwa bei. Hili nitalirudia kwenye mkataba.

Dar es Salaam, Machinga Complex. Hili lijue vizuri. Jengo la ghorofa pale Karume, Ilala, lilijengwa kwa mkopo wa NSSF likakamilika kama mwaka 2010, nia yake nzuri kabisa: kuwapa machinga mahali. Wengi hawakwenda, au walikwenda wakatoka. Sababu mojawapo waliyoisema: wateja hawapandi juu. Machinga anakwenda pale mguu wa mteja unapopita. Somo lake kwetu: fremu ya bei rahisi isiyo na mpita njia ni stoo tu. Usiite duka.

Newcastle, Australia. Huu ni mji wa bandari kama wetu. Walikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma, kikafungwa mwaka 1999, na katikati ya mji kukawa na majengo matupu kama 150. Mwaka 2008 mwenyeji mmoja, Marcus Westbury, akaanzisha mpango wa Renew Newcastle. Hakununua jengo hata moja. Aliwaendea wenye majengo akawaambia: jengo lako liko tupu, mpe kijana mwenye kazi ya mikono akae humo kwa pesa kidogo, alitunze, alifagie, awashe taa. Ukipata mpangaji wa bei yako kamili, unampa notisi ya siku 30 anatoka. Basi. Mwenye jengo hakuwa na cha kupoteza, na mdogo alipata mahali pa kujaribu bila kuzika mtaji. Baadhi wakakua wakawa wapangaji kamili.

Mnaona? Sisi watu wa Tanga tuna usemi wetu, "waja leo waondoka leo". Wenzetu wa Newcastle wameufanya mkataba.

HESABU: PEKE YAKO NA WATU WANNE

Nachukua mfano wa kufanyia hesabu, wewe weka namba zako za mtaani kwako.

Tuseme fremu ni 200,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita. Hiyo ni 1,200,000 kabla hujapaka hata rangi. Wewe mtaji wako wote ni 1,500,000. Ukilipa unabaki na 300,000 ya mzigo. Fremu nzuri, shelfu tupu. Mteja anachungulia, anaona madera saba yametundikwa, anasema "nitarudi". Harudi. Miezi sita ikiisha kodi inakuja tena na mtaji umeshaliwa na ukuta.

Sasa ingieni wanne. Kila mmoja anatoa 300,000, anabaki na 1,200,000 ya mzigo. Fremu ileile, lakini sasa ina bidhaa za 4,800,000 ndani yake. Mteja akichungulia anaona duka limejaa.

Tuendelee. Umeme, mlinzi wa usiku na usafi tuseme 60,000 kwa mwezi. Ukiwa peke yako mwezi unakugharimu 260,000. Mkiwa wanne ni 65,000 kila mmoja. Kama faida yako kwa dera moja ni 5,000:

– Peke yako unatakiwa uuze madera 52 kwa mwezi ndo ulipe mahali tu, hujala.
– Mkiwa wanne unatakiwa uuze 13.

Mwezi una siku 26 za kazi. 52 ni mawili kila siku. 13 ni moja kila baada ya siku mbili. Hiyo ya pili hata ukiwa na msimu mbaya unaifikia kupitia statasi peke yake. Huo ndo msingi wa mambo yote ninayosema leo, mengine ni namna ya kuufikia.

FREMU YA MUUZAJI WA MTANDAONI SI DUKA LA ZAMANI

Duka la zamani linasubiri mteja apite. Wewe mteja unaye tayari kwenye simu. Unachohitaji mjini ni vitu vitatu.

Kwanza, mahali pa kuchukulia mzigo. Fikiria wateja wa Muheza, Pangani, Mkinga, Korogwe. Wanakuja mjini asubuhi kwa shughuli zao, Bombo hospitali, benki, ofisi za serikali, mchana wanarudi. Huyo hataki kukutafuta Sahare au umwambie "nipigie ukifika kwenye mwembe". Mwambie "fremu yetu iko mtaa fulani, mlango wa bluu, mpaka saa kumi na mbili yupo mtu". Unamaliza mchezo.

Pili, mahali pa kujaribia. Nguo, viatu, baibui, manukato, hivi vitu mtu anataka avae, anuse. Kioo kirefu kimoja na pazia la kona vinaondoa ugomvi wa "haikunitosha, nirudishie pesa".

Tatu, kuaminika. Mtandaoni matapeli ni wengi, mteja mpya anaogopa kutuma pesa. Ukiweka video unafungua mlango asubuhi, unafagia baraza, jina la duka linaonekana, mtu wa Mwanza anatuma pesa hajawahi kukuona. Kwa muuzaji wa mtandaoni mlango wa mjini ni ushahidi kwamba upo.

Kwa hiyo usitafute fremu kubwa. Tafuta fremu inayofikika kwa mguu, yenye baraza, karibu na mahali watu wanapokwenda kwa lazima.

CHAGUENI WATU, SIYO MARAFIKI

Hapa ndo penye kuvunjika. Wengi wanaingia wanne kwa sababu wamesoma pamoja. Chagueni kwa bidhaa. Mteja wa mmoja awe mteja wa mwenzake. Madera na mitandio, udi na manukato, viatu vya kike, keki na visheti vya oda: anayekuja kwa dera la harusi anaondoka na udi. Lakini wawili wanaouza madera ndani ya fremu moja, Ijumaa ya kwanza tu wamenuniana. Na anayekaanga samaki msimweke na anayeuza baibui, harufu haina undugu.

Kubalianeni haya kabla ya kutafuta dalali:

1. Zamu. Siku sita, watu wanne, kila mmoja anakaa siku moja na nusu kwa wiki. Siku nyingine uko nyumbani unapiga picha, unajibu oda, unatafuta mzigo.

2. Pesa haipiti mkononi mwa mwenzako. Kila mmoja abandike Lipa Namba yake kwenye kona yake. Mteja wa keshi, aliye zamu anaandika kwenye daftari: tarehe, kitu, bei, ya nani. Jioni mnatuma. Isilale.

3. Bei ya mwisho iandikwe kwenye kila bidhaa. Aliye zamu asianze kukupigia simu mbele ya mteja kuuliza "dera la maua mwisho ngapi?"

4. Akiba ya pango. Kila Jumamosi kila mmoja anaweka 12,500. Wiki nne ni 50,000, mwezi umelipika bila kukimbizana. Pesa akae nayo mmoja, daftari akae nalo mwingine.

5. Anayetaka kutoka anatoa taarifa ya mwezi mmoja na anatafuta mtu wa bidhaa ileile au nyingine mtakayoikubali wote. Andikeni, msaini, hata kama ni dada yako wa tumbo moja. Hasa kama ni dada yako wa tumbo moja.

KUMWENDEA MWENYE NYUMBA

Usianze na bei. Anza kwa kumjua. Dalali anajua ufunguo ulipo, hajui kila mara nani ana haki ya kusaini. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza kwa adabu jengo lile ni la nani. Kama ni la NHC, nenda ofisi yao ya mkoa mwenyewe. Na hapa sikiliza vizuri: NHC hawaruhusu mpangaji wao kumpangisha mtu mwingine. Ukichukua kona kwa mpangaji wa NHC kimyakimya, siku wakija kukagua unatolewa wewe na mzigo wako, na pesa uliyolipa haina pa kudaiwa. Ombeni muandikwe wote kwenye mkataba, au mpate ruhusa kwa maandishi.

Kama ni mzee mwenye nyumba yake, nendeni wawili, msiende kundi. Maongezi yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu, hamjambo?"

"Hatujambo mzee. Tumekuja kwa ajili ya lile duka la chini, tumeona limefungwa. Sisi ni wafanyabiashara wadogo wanne, biashara zetu tunazo tayari. Hatukuombi bure. Tunaomba utujaribu miezi mitatu kwa bei ya kuanzia. Tutapaka rangi, tutaweka bawaba na taa, risiti utaziona. Ukitokea mpangaji mkubwa wa bei yako, utupe notisi ya mwezi mmoja, tutatoka bila maneno."

"Na mkinisumbua kodi?"

"Tunalipa miezi mitatu mbele mzee. Hatuna cha kukusumbua."

Kwa nini akubali? Kwa sababu nyumba iliyofungwa karibu na bahari inakufa. Chumvi inakula chuma, mchwa wanakula milango, bati likivuja hakuna wa kumwambia. Nyumba iliyofunguliwa inapata hewa, inafagiwa, na ina macho ya watu. Na mpangaji mkubwa akija kukagua anaona mahali penye uhai, siyo godauni la popo. Mwambieni haya kwa upole, wazee wa Tanga hawapendi kufundishwa nyumba yao.

Akikataa miezi mitatu, mwombeni msimu mmoja. Ramadhani mpaka Idi ni mwezi na siku kidogo, na kwa wauzaji wa kanzu, madera, udi, tende na visheti huo ndo mwezi wa mwaka. Au Desemba mpaka shule zifunguliwe Januari. Akiona mmelipa na mmetoka vizuri, mara ya pili atawaita yeye.

MKATABA: MAMBO SITA

Msilipe kwa neno la mdomo. Karatasi mbili, shahidi wa kila upande, mtendaji wa mtaa au wakili agonge muhuri. Ndani yake msikose:

1. Majina yenu wote wanne. Likiwa jina la mmoja, huyo ndo mpangaji na nyie ni wageni wake.

2. Bei haitapanda ndani ya mwaka mmoja hata kama mkataba ni wa miezi mitatu mitatu, na baada ya hapo itapanda kwa kiasi kilichoandikwa. Hili ndo dawa ya yale ya Nairobi na Kariakoo. Mkikosa hili mtachangamsha mtaa wa watu halafu mfukuzwe.

3. Matengenezo gani yanakatwa kwenye pango. Kama mmetumia 180,000 kwa milango na nyaya za umeme, iandikwe kwamba inapunguzwa.

4. Notisi ya mwezi mmoja pande zote mbili, na pango la siku zilizobaki linarudishwa.

5. Kodi ya zuio. Pango la biashara lina zuio la asilimia 10. Hii ni kodi ya mwenye nyumba, wewe kazi yako ni kuikata kwenye pango na kuipeleka TRA. Lakini wengi wanasema "mimi nataka milioni moja na laki mbili mkononi, ya TRA juu yako". Hapo pango lako la kweli siyo 1,200,000, ni 1,333,000 na kidogo. Jueni mnakubali nini kabla ya kupeana mikono. Na mkataba wenyewe una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka.

6. LUKU. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme. Anayenunua umeme ndo anakatwa, lakini kodi ni ya mwenye jengo. Ni pesa ndogo, ila iandikwe nani anaibeba. Na ulizeni kama mita ina deni kabla hamjaingia.

SERIKALI TUSIIKIMBIE

Ukiwa nyumbani unauza kwenye simu hakuna anayekugongea. Ukishafungua mlango mjini, utagongewa. Kwa hiyo jipange. TIN ni bure TRA, hakuna haja ya kumlipa mtu. Leseni ya biashara ni ya Halmashauri ya Jiji. Kwa kuwa mko wanne ndani ya fremu moja, nendeni ofisi ya biashara kabla ya kufungua muulize kila mmoja anaingiaje, maana kila biashara ni ya mwenyewe. Mmoja asibebe mauzo ya wote kwenye TIN yake, atakuja kukadiriwa kama tajiri. Na weka kumbukumbu za mauzo. Mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu anakadiriwa tofauti na asiye nazo, na lile daftari la zamu ndo mwanzo wa kumbukumbu.

Pia mkishakuwa kikundi cha kweli chenye katiba, muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Ile ni asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Ila mkopo ni wa mzigo. Usikope kulipa ukuta.

Na kama kuna mtu wa Jiji anasoma hapa: mwaka 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara nchi nzima wakatafutiwa masoko mapya. Kabla ya kujenga vibanda vipya mahali pasipo na mteja, hesabuni kwanza milango iliyofungwa katikati ya mji. Orodha tu ya majengo matupu na wenyewe wanaokubali wapangaji wa muda mfupi, ibandikwe ofisi ya mtaa. Haigharimu simenti hata mfuko mmoja.

LINI USICHUKUE

Nisiwadanganye, fremu siyo ya kila mtu. Baki nyumbani kama:

– Huna wateja 30 wanaojirudia. Fremu haileti wateja wa kwanza, inawaweka ulionao.
– Bidhaa yako inauzwa yote nje ya mkoa. Wewe unahitaji kuwa karibu na basi, siyo karibu na Market Street.
– Umeombwa kilemba na mpangaji anayetoka, na mwenye nyumba hajui. Hiyo pesa umeitupa baharini.
– Umesimama mbele ya fremu saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni, siku tatu tofauti, ukahesabu wapita njia, na vidole vya mikono vilitosha. Kumbuka Karume.
– Warithi wanagombana. Hata kama bei ni ya kutupa. Mmoja atachukua pesa yako na mwingine atakuletea barua.

KAZI YA WIKI HII

Usiishie kulaiki. Wiki hii fanya hivi. Jumamosi tembea mtaa mmoja wa mjini, mmoja tu, hesabu milango iliyofungwa, andika. Jumapili kaa na wenzako watatu wenye bidhaa tofauti na yako, fanyeni ile hesabu ya madera 13 kwa namba zenu. Jumatatu nendeni serikali ya mtaa kuuliza mwenye jengo.

Kwenye komenti andika vitu viwili: unauza nini, na uko mtaa gani. Usiweke namba ya simu, matapeli wanapita humu. Soma komenti za wenzako, ukiona wa Ngamiani anauza udi na wewe wa Chuda unauza mitandio, mtumieni ujumbe. Pengine fremu yenu imeshafungwa miaka mitano inawasubiri, na kinachokosekana ni watu wanne kukubaliana.